Kufuli la Tisa

Mtu mmoja alikuwa na mafundi tisa waliofunga nyaya juu ya reli ya treni ya umeme, ile inayopita kabla hujamaliza kuinyooshea kidole. Jina lake Chiponda, nyapara wao. Sheria yao ilikuwa hii: kabla ya kupanda nguzo, kila fundi anatundika kufuli lake kwenye swichi kubwa, na ufunguo anauvaa shingoni. Akishuka, anakuja kulifungua kwa mkono wake mwenyewe. Kufuli hata moja likibaki, umeme hauwashwi. Waya ule haumwonyi mtu, wanangu. Humshika mara moja tu.

Basi ikafika siku ya treni ya kwanza. Wageni wameketi ndani, tai zimewakaba, wapiga ngoma wamechoka mikono. Mafundi wakashuka wakafungua makufuli yao, moja baada ya jingine, hata manane. La tisa likabaki linaning'inia. Lilikuwa la Mwaluko. Mwaluko haonekani, na simu yake imezimwa.

Meneja akaja mbio. Akatazama saa, akatazama kufuli, akatazama saa tena. "Leteni msumeno! Huyo kaenda kula, si mnalijua tumbo lake?"

Wenzake Mwaluko wakacheka, ila miguu yao haikutulia. Chiponda hakucheka. Aliegemeza mgongo kwenye swichi, akawatuma wote wanane wakamtafute nguzo kwa nguzo. Saa nzima ikapita. Ya pili ikaanza. Meneja anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, kokoto zinalia chini ya viatu vyake. Mgeni mkubwa akateremka kwenye treni, akaingia garini, akaondoka bila kuaga.

Wakamkuta Mwaluko kijiji cha pili, kwa mke wa kaka yake, anakomba mlenda kwa tonge la mwisho, ufunguo shingoni. Mwanamke yule akashika mbavu: "Haa, shemeji! Kumbe treni nzima inangoja umalize ugali wangu!" Kicheko kile kilifika stesheni kabla yao. Na jioni ileile Chiponda akafukuzwa kazi.

Asubuhi akaja nyapara mpya, mtu wa haraka. Akawaambia, pandeni. Mafundi tisa wakasimama chini ya nguzo, kila mmoja na kufuli lake mkononi, wanatazamana. Wanageuza funguo vidoleni. Hakuna aliyeinua mguu. Akarudia mara ya pili, akapaza sauti mara ya tatu.

Mwaluko, aliyechekwa jana, ndiye aliyejibu: "Bwana, makufuli tunayo. Yule wa kuyangojea yuko wapi?"

Nanyi mliocheka pamoja na shemeji yule, nami nilicheka, haya niambieni: siku mtakapokuwa juu, mmeushika waya kwa mikono miwili, nani kasimama penye swichi yenu?