Kifurushi Kilichogongwa Muhuri

Palikuwa na mama mmoja, ndugu zangu, aliyekuwa mhudumu katika ofisi fulani ya serikali. Msiniulize ni wilaya gani, maana wengine wenu mnafanya kazi huko. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuchemsha chai ya saa nne, na kubeba mafaili kutoka meza ambako hayakufanyiwa kazi kuyapeleka meza ambako hayatafanyiwa kazi. Ukutani palikuwa na chati ya uongozi, yenye visanduku na mistari ya kuonyesha nani yuko chini ya nani. Mama huyu hakuwa na kisanduku. Hakuwa hata na mstari.

Lakini alikuwa na mikono ya ajabu. Ofisi ikitupa kitu, yeye alikiokota kabla hakijafika shimoni. Kalenda za ukutani za mwaka uliopita alizigeuza upande mweupe, akazipaka chai ya rangi iliyokolea, akazianika kivulini mpaka zikawa na rangi ya udongo uliotoka kunyeshewa. Alichonga kiazi kikawa na umbo la jani, akakichovya kwenye pedi ya muhuri ya wino wa zambarau ambayo ofisi iliandika kwamba imekwisha kabisa na haifai, akagonga jani baada ya jani mpaka karatasi ikawa kama ukuta wenye mmea unaotambaa. Maboksi ya karatasi za kuchapia aliyakata na kuyaunda upya. Maganda ya mahindi aliyaloweka, akayatia binzari, akayasokota yakawa maua. Utepe ulikuwa pindo za vitenge alizoomba kwa fundi cherehani. Gundi alipika mwenyewe: uji mzito wa unga wa ngano. Mngemuuliza gharama, angewaambia vijiko viwili vya unga na majani ya chai, tena majani yaliyokwisha kunywewa.

Basi ofisi nzima ilimjua kwa hilo. Harusi ikija, ubarikio ukija, watu walimfuata na sufuria zao na mashuka yao. "Mama, nifungie hili." Naye alifunga. Nasikia katika sherehe moja mshereheshaji alizungukwa na zawadi zilizofungwa kwa karatasi za dukani zinazong'aa mpaka zinaumiza macho, lakini ukumbi wote ulikuwa unatazama kifurushi kimoja chenye rangi ya chai.

Alikuwa na miiko miwili, na nawaomba muishike yote miwili. Wa kwanza: karatasi haichanwi. Kwake kuchana karatasi kulikuwa sawa na kumwaga chakula. Hata ukumbini, bibi harusi akianza kufungua, mama alisogea taratibu akamwambia, "Kunjua tu, mwanangu, itafunga nyingine." Wa pili: haandiki jina juu ya kifurushi. Jina alilikunja ndani, kwenye kikadi kidogo, kwa sababu aliona aibu kuchafua kwa kalamu ya ofisi uso alioutengeneza siku tatu. Zawadi aliiweka mahali mwenyewe anapokaa, akaondoka. Aliyekaa ndiye mwenyewe. Kwa watu wa kawaida hilo linatosha.

Katika ofisi ile palikuwa na mzee wa masjala. Masjala, kwa mnaobahatika kutoijua, ndicho chumba ambamo kila barua inayoingia huandikwa kwenye rejista, hugongwa muhuri wa kupokelewa, na kupelekwa kwa mhusika. Mzee yule alikuwa amefanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Alikuwa anastaafu Ijumaa, na Jumamosi alfajiri basi lingempeleka kwao Makete, kwenye baridi. Sherehe ya kumuaga haikuwepo. Kamati ilikaa, ikatazama waraka, ikakuta kwamba fungu la kuagana linahusu kuanzia ngazi ya afisa. Kamati ilisikitika, na ikaandika katika muhtasari kwamba imesikitika.

Mama akafumua masweta mawili yaliyochakaa ya marehemu mume wake, akafuma moja. La kijivu, lenye kola nzito. Akalifunga vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kufunga maishani. Majani ya zambarau yalizunguka boksi bila kukatika popote, na juu palikuwa na maua matatu ya maganda ya mahindi. Jumatatu asubuhi, akiwa anafagia, akakiweka kifurushi juu ya meza ya mzee wa masjala, katikati kabisa, akatoka kwenda kuchemsha chai.

Mzee akaja. Akavua kofia. Akakitazama kifurushi kwa muda mrefu, akakizungusha kwa ncha za vidole, akatafuta jina. Hakuna.

Ndugu zangu, wewe ungefanya nini? Umekuta zawadi juu ya meza yako, wiki yako ya mwisho kazini. Ungefanya nini?

Yeye alifungua rejista. Akaandika: "Kifurushi kimoja, kizuri sana." Kwenye safu ya mhusika akaacha wazi. Akagonga muhuri, IMEPOKELEWA, pembeni kidogo ili asiharibu maua, akakipeleka kwa afisa utumishi.

Mama aliporudi na birika akakuta meza tupu. Moyo ukaruka kwa furaha, akidhani kimefunguliwa. Kisha akamwona mzee anafunga mafaili kama siku zote. Na alipopeleka chai ofisi ya pili, kifurushi chake hicho hapo, kimeambatishwa karatasi ya dokezo.

Afisa utumishi alikuwa anakiangalia kwa heshima. Alikuwa ameandika: "Si changu. Kwa uzuri huu kitakuwa cha ngazi ya juu. Naomba maelekezo."

"Bosi," mama akasema, "huo mzigo ni wa mzee wa masjala. Nimeuweka mimi."

"Una barua ya kuusindikiza?"

"Sina."

"Basi kiofisi, mama yangu, hujauweka."

"Lakini nauona huo hapo."

"Hata mimi nauona. Ukishaingia kwenye rejista hautoki mpaka mhusika asaini."

"Mhusika si ndiye aliyeupokea?"

Afisa akamtazama kwa huruma ya mtu aliyesoma. "Alipokea kama karani. Mpokeaji na mhusika ni watu wawili tofauti. Tumefanya semina juu ya hilo, siku mbili."

"Basi fungueni, jina limo ndani."

"Kufungua ni kazi ya mhusika. Weka sukari mbili."

Mama hakumwambia mzee, akitumaini kitamrudia bila zawadi kutangazwa. Kifurushi kikapanda. Jumanne kilikuwa kwa mhasibu, aliyeandika, "Hakihusu fedha. Ila hongera kwa aliyefunga." Jumatano kilikuwa kwa katibu, aliyewaita watu wawili waje kukiangalia, wakapiga nacho picha, akaandika, "Tuzungumze," bila kusema nani azungumze na nani. Kila aliyekishika alikisifu kwa moyo mweupe. Na kila aliyekishika alikuwa na hakika kwamba kitu kizuri namna ile lazima ni cha aliye juu yake. Alhamisi kikafika kwa mkuu mwenyewe, ambaye juu yake hakukuwa na mtu katika jengo lile. Mkuu akakipima kwa mkono, akatafakari. Huenda ni cha mgeni rasmi fulani atakayekuja. Akaandika kwa wino mwekundu, na kwa kuwa karatasi ya dokezo ilikuwa imejaa, akaandika juu ya majani yenyewe: "Kihifadhiwe masjala hadi mhusika atakapojitokeza." Akasaini. Saini ilikuwa ndefu.

Mama alikuwa anafuta vumbi dirishani. Aliona kalamu ikipita juu ya kazi ya mikono yake, akaendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Ijumaa saa tisa na robo alasiri kifurushi kikarudi kilikotoka. Ofisi hufungwa saa tisa na nusu, na saa tisa na nusu hiyo mzee alitakiwa kukabidhi funguo. Mama akaingia masjala na ufagio, akamkuta ameinama mbele ya kabati la chuma, amefungua mlango, anapanga nafasi.

"Kaka, usikifungie humo."

"Kimeelekezwa."

"Ni chako."

Mzee akacheka kidogo bila kugeuka. "Dada, usinitanie siku ya mwisho."

"Nakwambia ni chako. Nilikiweka mimi. Nilikifunga mimi. Kwani hukujua mkono wangu?"

"Mkono wako niliujua tangu Jumatatu. Kila mtu anaujua." Akasimama, akakishika kifurushi kwa mikono miwili. "Mkono wako unafungia wakubwa. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka thelathini na moja. Barua zimepita hapa, nyingine zimetoka ng'ambo zina stempu za ndege na maua. Haijawahi kuingia bahasha yenye jina langu hata moja. Ningewezaje kudhani?"

"Basi fungua uone."

"Kina saini ya mkuu."

"Fungua."

"Nikifungua nikakuta jina la mtu mwingine? Unataka niende kwetu na doa? Miaka yote sijafungua kitu cha mtu, dada. Hicho ndicho ninachoondoka nacho. Sina kingine."

Akageuka kabatini. Mama akatazama saa ya ukutani. Akatazama kifurushi. Angeweza kukikunjua polepole, kona moja baada ya nyingine, kama alivyowafundisha mabibi harusi wote wa mji ule. Lakini kukunjua kunataka dakika kumi na mkono wa mtu anayekubali, na yeye hakuwa na dakika kumi, na mzee hakuwa anakubali.

Akaweka ufagio chini. Akakichukua kifurushi mikononi mwa mzee, akaingiza kidole gumba chini ya karatasi, akachana. Akachana katikati ya majani ya zambarau, katikati ya muhuri wa kupokelewa, katikati ya saini ndefu. Maua ya maganda ya mahindi yakaanguka sakafuni, na sauti ya karatasi ile ikasikika mpaka kwa afisa utumishi.

"Umechana maandishi ya mkuu," mzee akasema kwa sauti ya chini.

"Nimechana karatasi yangu. Soma."

Kikadi kilikuwa juu ya sweta. Mzee akavaa miwani. *Kwa kaka yangu Yoram Tweve. Makete kuna baridi. Uvae.*

Akasoma. Akasoma tena, akiangalia kama kuna nakala kwa mtu mwingine. Kisha akavua koti, na katika joto lile la alasiri, jasho likimtoka, akavaa sweta la kijivu mpaka kola ikamfika masikioni. Alikaa kwenye kiti chake, akafungua rejista, akapeleka kidole juu mpaka Jumatatu, pale alipoandika, "Kifurushi kimoja, kizuri sana." Safu ya mhusika ilikuwa bado wazi. Akachukua kalamu, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, akaandika humo jina lake.

Mama alikuwa amepiga magoti anaokota vipande.

"Niachie hivyo, dada," mzee akasema. "Ni vya jalada langu."

Sasa, ndugu zangu. Najua mnavyofikiri. Mnasema karatasi ilikuwa kazi bure. La. Mama yule hakukosea kuifanya iwe nzuri. Mimi namheshimu kuliko ofisi yote ile, na chai niliyoinywa kwenu leo imenifanya nitazame majani yaliyobaki kwa jicho jingine. Karatasi ile ilikuwa ya kusema kabla ya kikadi: wewe ni mtu wa thamani. Tatizo ni kwamba mhusika hakuamini kwamba jambo hilo linaweza kusemwa kwake.

Na sisi je? Neema imewekwa mezani petu, katikati kabisa, wala haina jina juu. Nasi tunaijua mikono iliyoifunga. Tumefanya nini? Tumeisajili. Tumesema, kizuri sana. Kisha tumeipandisha: hii ni ya wazee wa kanisa, hii ni ya wanakwaya, hii ni ya mchungaji, maana yeye ndiye mwenye kisanduku kwenye chati. Nami mchungaji, niwaambie ukweli, mara nyingi nimeiandikia dokezo nikaipeleka kwa askofu. Tunaitwa wanyenyekevu kwa sababu hiyo. Je, ni unyenyekevu, kumrudishia mtu sweta alilokufumia, kwa sababu eti wewe si wa ngazi yake?

Na yule aliyefunga, akiona saa inakwenda na wewe unafunga kabati, mnadhani ataipenda karatasi yake kuliko wewe? Alikuwa na mwiko, ndugu zangu. Mwiko wa maisha yake yote. Akauvunja kwa mikono yake mwenyewe, akaichana kazi yake nzuri kuliko zote, ili mtu mmoja asiondoke hajasoma jina lake.

Karatasi ya neema nayo imekwisha kuchanwa, msalabani. Hakuna tena cha kukunjua, wala saini ya kusubiri. Ile safu katika rejista, mbele ya "kizuri sana," bado iko wazi.

Kalamu unayo. Andika.