Hodi ya Damu ya Mwanne

Nisikilizeni upesi, pilau imeshaiva na wageni wamejaa uani. Kwetu mtoto wa kwanza hupewa jina na shangazi yake, na shangazi mwenyewe ndiye mimi. Mtoto ni wa kike. Majina ninayo matatu, na linalotakiwa ni moja tu!

Wenye majina hayo ni mabinti wa ofisi moja, kazi yao kutunga programu za kompyuta. Zawena ni hodari wa kufungua njia. Nyamizi hakati tamaa, ukimfukuza anarudi. Atupele ana wasiwasi, kila jambo atalikagua tena.

Zamani hospitali yetu ikitaka damu, nesi alipiga simu benki ya damu, simu ikaita mpaka ikakatika. Zawena akaiwekea benki mlango ndani ya kompyuta. Kompyuta ya hospitali inapiga hodi, inataja kundi la damu, na chupa inawekwa kando hapohapo kwa ajili ya mgonjwa.

Nyamizi ndiye aliyeifundisha kompyuta ya hospitali kupiga hodi. Wakubwa wakamwambia, "Hodi tatu zinatosha, kama ilivyo desturi. Ukinyamaziwa, ondoka."

Akajibu, "Mgonjwa hana pa kuondokea." Akaiacha ipige mpaka ijibiwe.

Atupele akauliza, "Na hodi ikifika, lakini jibu likapotea njiani?"

Wenzake wakacheka. "Wewe nawe! Unatuchelewesha bure."

Akanuna, lakini akaibandikia kila hodi alama yake, ili ikirudiwa ijulikane kuwa ni ileile, si mgeni mwingine.

Siku wifi yangu Mwanne alipojifungua, damu ikamtoka, haikatiki. Mvua inanyesha, mtandao unakuja na kuondoka. Kundi lake ni adimu, na benki ilikuwa imebakiwa na chupa moja. Hodi ya kwanza ikafika, chupa ikawekwa kando kwa ajili yake, lakini jibu halikurudi. Mimi niko koridoni, viatu mkononi, namuuliza kila nesi, "Imepatikana?" Hakuna anayejua! Hodi ikapigwa tena na tena, ikapita zile tatu, mpaka mtandao ukatulia. Bila ile alama, benki ingejibu, "Zimeisha, chupa ya mwisho ina mwenyewe," na mwenyewe ni Mwanne huyohuyo! Benki ikaitambua alama, ikajibu, "Chupa yenu ipo." Dereva akatoka mbio. Leo wifi yangu yuko ndani anapakwa hina.

Nilipokwenda kuwashukuru, wakaanza kuvutana mbele yangu.

"Bila mlango wangu mngebisha ukutani," akasema Zawena.

"Mlango usiobishwa wa nini? Ungejaa buibui tu," akajibu Nyamizi.

"Na chupa mngeinyimana wenyewe kwa wenyewe," akadakia Atupele. "Halafu mlinicheka!"

Nikamwambia Mwanne tumpe mtoto majina yote matatu. Akanikatiza, "Wifi, mwanangu si ubao wa matangazo. Taja moja. Lakini ukishalitaja, niambie na hili: kati ya wale wawili uliowaacha, ni yupi ambaye ningepona bila yeye?"

Haya, wananiita, mtoto wameshanipakatisha. Ungekuwa wewe ndiye shangazi, ungemnong'oneza jina gani sikioni? Na mama yake ungemjibu nini?