Hodi Nyumbani Kwake

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika kisiwa cha Pate alikuwapo mshona viatu vya makubadhi, jina lake Shekuwe, mtu wa swala na wa maneno machache. Ujanani alimwoa Mwana Saada, binti mwenye haya na heshima, wakapendana hadi wote wawili wakaota mvi. Ndipo Mola alipomtahini: akili ya mkewe ilianza kumtoka.

Asubuhi bibi alimjua mumewe, akacheka naye. Lakini jua likishapinda na adhana ya alasiri ikasikika, moyo wake ulianza kupapatika. Alizunguka ukumbini akikunja leso na kuikunjua. Akimwona Shekuwe, alijitanda ushungi hadi machoni na kupiga ukelele: "Mwanamume nyumbani kwangu! Toka! Mume wangu hayupo!"

Shekuwe, maskini, alifanya kosa ambalo mume yeyote angelifanya. Alibishana. "Saada, ni mimi. Nitazame vizuri." Akasogea amshike mkono kama alivyozoea. Bibi akamkwaruza usoni, akalia mpaka sauti ikamkauka. Jioni hiyo hakutia kitu kinywani, wala jioni zilizofuata, akaanza kudhoofu.

Kaka yake bibi, Bwana Lali, alipopata habari alikuja. "Shemeji, umestahimili vya kutosha. Mrudishe kwetu tumfungie chumbani, nawe uoe mwingine. Sheria haikukatazi."

"Hainikatazi," alijibu Shekuwe. "Lakini nitaulizwa na Mola, Bwana Lali. Amana hairudishwi kwa sababu imekuwa nzito."

Hata hivyo maneno yale yalimkereketa. Aliketi barazani, mikwaruzo ikimwasha, akawaza: mwanamke huyu ananifukuza mimi? Akajiuliza tena: hasa anamfukuza nani? Hapo akashtuka. Mkewe hakuwa akimfukuza mumewe. Alikuwa akimlindia mumewe nyumba na heshima yake, asiingie mgeni. Akili imekwenda, uaminifu umebaki. Shekuwe aliona aibu kubwa kwamba alitaka kumshika kwa nguvu mwanamke mwenye haya, ambaye saa ile hamjui.

Tangu hapo, alasiri ikikaribia alitoka mwenyewe, akamwacha bibi atie komeo. Akisha kuswali alisimama mbele ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akaita kama tulivyofundishwa: "Asalamu alaykum. Hodi." Mara tatu, asipojibiwa hurudi barazani akangoja, kisha akaanza upya. Wapita njia walimcheka. "Jamani, Shekuwe anabisha hodi kwake!" Naye akawajibu, "Adabu haina kwangu wala kwako."

Wala hakumdanganya mkewe hata kwa neno moja. Alipitisha bakuli la uji dirishani na kusema, "Chakula hiki kimetoka kwa mume wako." Kwa kuwa kimetoka kwa mumewe, bibi alikula. Akishiba, moyo ukatulia, huondoa komeo mwenyewe, na mara nyingi alimtambua mtu wake. "Umechelewa leo," humwambia.

Siku moja mvua ya masika ilimkuta pale nje, akalowa chepechepe. Bibi akachungulia dirishani.

"Wewe baba, mbona huondoki na mvua yote hii?"

"Nimeachiwa amana, mama."

"Amana gani?"

"Aliyemo humu ndani."

"Basi ukimwona mume wangu, mwambie sijamfungulia mtu mlango."

Shekuwe alishindwa kuyazuia machozi. "Amekwisha kusikia," akasema. "Na radhi zake zote unazo."

Ndugu zangu, mwenye mgonjwa wa namna hii asishindane naye nani ana haki. Amtafutie utulivu, na ujira wake amwachie Mola, ambaye hasahau.