Damu ya Mashinisti

Mwaka 1955, moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba ulitanda juu ya mji wa Élisabethville asubuhi na jioni, na chini ya moshi huo reli hazikulala. Miongoni mwa Waafrika wachache waliokabidhiwa garimoshi alikuwemo Stanislas Kabange, mtu wa kaskazini ya Katanga, ambaye baba yake alikuja mjini kutandika reli hizo kwa mikono yake. Stanislas alikuwa pande la mtu, mwenye sauti nzito iliyosikika hata katikati ya ngurumo za mvuke. Jumapili alikwenda misa akiwa amevaa kofia yake ya kazi, na kambi nzima ya wafanyakazi wa reli ilimwita mashinisti, yaani dereva wa treni. Jina hilo lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Hata hivyo, nyumba ya matofali aliyoishi na mkewe Virginie na watoto wao ilikuwa ya kampuni ya reli. Aliyepoteza kazi aliipoteza na nyumba.

Mwaka huo alifika kambini daktari Mbelgiji aliyekuwa akifanya utafiti. Wataalamu wenzake wengi waliamini kwamba shinikizo la damu, ugonjwa unaouchosha moyo na kupasua mishipa ya ubongo, ni wa Wazungu tu, wala hauwagusi watu weusi. Yeye hakuwa na hakika. Alitaka kuwapima wafanyakazi wa reli, kisha wakulima wa mbali na mji, alinganishe. Msaidizi wake alikuwa Désiré, muuguzi wa zahanati, mume wa Brigitte, dadake Stanislas.

Wanaume walipanga foleni huku wakinong'ona. Hawakuwa wamesahau jinsi wenzao walivyopigwa picha za vifua miaka michache nyuma, na waliokutwa na mapafu mabovu wakapandishwa treni pamoja na magodoro yao kurudishwa kwao. Daktari aliapa kwamba utafiti ni wake mwenyewe na kwamba wakubwa hawataonyeshwa majina. Waliomsikia waliitikia kwa vichwa. Waliomwamini walikuwa wa kuhesabika.

Ilipofika zamu ya Stanislas, daktari alimfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza. Alikunja uso. Alimwambia apumzike kidogo, akampima tena, na safari hii akamwita Désiré amsaidie kueleza. Damu ya Stanislas ilikuwa ikisukuma kwa nguvu za kutisha. Alitakiwa kupunguza chumvi, kupumzika, na kumeza vidonge vipya vilivyokuwa vimeanza kuletwa kutoka Ulaya. Arudi juma lijalo. Kama hali ingekuwa ile ile, basi daktari angemshauri aache kuendesha mashini kwa muda.

"Kwa muda gani?" Stanislas aliuliza.

Daktari alisema hajui, pengine miezi. Stanislas alivaa kofia yake akatoka. Kati ya maneno yote aliyoambiwa, neno moja tu lilimganda masikioni: aache.

Usiku hakupata lepe la usingizi. Kulipopambazuka alimwendea mdogo wake Lucien, fundi wa useremala, ambaye walifanana kama shilingi kwa ya pili, akamwomba aende kwa daktari kwa jina lake, apimwe yeye badala yake. Lucien alisita. Stanislas alimkumbusha ni nani aliyemlea tangu baba yao alipofariki, na Lucien akakubali.

Siku ilipofika, Lucien aliketi mbele ya daktari na kujibu kwa jina la kaka yake. Désiré alimtambua mara moja. Aliufunga mkono ule kitambaa. Angesema, angemvunjia shemeji yake riziki na labda mkewe Brigitte asingemsamehe. Aliandika vipimo chini ya jina la Stanislas. Daktari alisikiliza, akatabasamu kwa mshangao, akasema kwamba bila shaka siku ile ya kwanza mtu huyu alikuwa na hofu tu. Hata aliwaandikia wenzake wa Ulaya kwamba damu ya mtu mweusi hupanda kwa woga na kushuka yenyewe. Uongo wa ndugu wawili ukawa elimu ya watu wasiowajua.

Kuanzia hapo Stanislas alijikaza kisabuni. Kisogo kilimgonga kama nyundo kila alfajiri. Siku moja damu ilimtoka puani hadi ikalowesha shati, akamwambia Virginie ni joto la tanuri. Virginie alimsihi arudi zahanati, akamtuma Désiré amshawishi. Désiré alikwenda, akakuta mlango umefungwa kwa maneno makali, naye akaondoka kichwa chini. Stanislas alinunua mizizi ya kuchemsha kwa mganga wa kienyeji wa mtaa wa Ruashi, akainywa kwa siri, na kuendelea kula samaki wake wa chumvi.

Mtu aliyekuwa naye muda mwingi kuliko hata mkewe ni Jeannot Mutale, mwenyeji wa Kambove, mchochea moto wa mashini yake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka, na mkewe Jeannot, Edith, alikuwa amemzalisha Virginie mtoto wa mwisho mvua iliponyesha na mkunga akachelewa. Jeannot hakuwa msemaji. Lakini alimwona mwenzake akisahau kupiga honi penye kivuko, akamwona akifikicha macho mbele ya ishara iliyo wazi.

Asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba, kabla ya kuondoka kwenda Kambove, Stanislas alitapika nyuma ya karakana. Jeannot alimngojea mpaka alipojipangusa.

"Ndugu yangu, uko mugonjwa?" alimwuliza polepole.

"Hapana. Niko muzima."

"Kama uko mugonjwa, uniambie. Tutawaambia batafute mashinisti mwingine leo. Mimi niko na batoto, na weye uko na batoto."

Stanislas alimtazama rafiki yake. Ulimi ulikuwa tayari kusema kweli. Moyo ukauvuta nyuma. "Nilikula chakula cha jana," alisema. "Panda, twende."

Jeannot alipanda. Alimwamini, kwani hakuwahi kudanganywa naye.

Safari ilikwenda vizuri hadi karibu na Kambove, mahali reli inaposhuka kuelekea stesheni. Hapo Stanislas alinyoosha mkono wa kulia apunguze mvuke, na mkono haukumtii. Ulining'inia kama tawi lililovunjika. Alitaka kuita, mdomo ukapinda upande, akaanguka sakafuni. Jeannot alitupa koleo, akamruka mwenzake, akafunga mvuke na kukaza breki kwa nguvu zake zote. Treni ilipiga kelele juu ya vyuma lakini uzito wa mabehewa ulikuwa ukiisukuma. Mbele yao yalisimama mabehewa yaliyojaa mawe ya shaba. Jeannot angeweza kuruka. Waliokuwa stesheni walimwona akiinama, akimshika Stanislas kwapani na kumsukumia nje ya mlango. Kisha kikasikika kishindo.

Stanislas aliokotwa kwenye majani, hai, nusu ya mwili wake imekufa. Jeannot alitolewa amekufa, kwa kukatwa vyuma.

Matanga yaliwekwa nyumbani kwa Edith, kambini Élisabethville. Msiba ukaongezewa msiba: ilianza kusemwa kwamba mchochea moto alikuwa amelewa, kwamba alimvuruga mashinisti kazini, kwani mashinisti kama Stanislas hakosei. Edith, ambaye mumewe hakuwa akionja pombe, aliyasikia hayo kutoka midomoni mwa watu walioketi kwenye mikeka yake.

Wakati huo huo daktari aliitwa hospitalini kumtazama Stanislas. Alimfunga kile kitambaa, akasikiliza, akakuta damu ikisukuma kwa nguvu zile zile za siku ya kwanza. Alimwuliza Désiré ni nani aliyeletwa mbele yake safari ya pili. Désiré alisema yote. Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, akaenda kumweleza Virginie habari yote.

Virginie hakupiga kelele. Alijitanda kitenge, akawaamuru Lucien na Désiré wambebe Stanislas juu ya kiti kutoka hospitalini, nao wakavuka kambi nzima mchana kweupe, watu wakiwafuata. Mbele ya waombolezaji alisimama akaeleza kila kitu: damu, daktari, mkono wa kukopeshwa. Alisema kwamba Jeannot hakulewa, kwamba aliyeua ni siri, na kwamba siri hiyo ilifugwa nyumbani kwake. Waliokuwa wakinong'ona walitazama chini.

Edith aliinuka kutoka kwenye mkeka, akasogea hadi kwenye kiti.

"Baba Annie," alisema, akimwita Stanislas kwa jina la binti yake wa kwanza, "asubuhi ile, mume wangu alikuuliza kama uko mugonjwa?"

Stanislas alijaribu kusema. Ikatoka sauti isiyo na maneno. Aliitikia kwa kichwa.

"Angejua, angepanda?"

Alitikisa kichwa polepole, na machozi yakamtiririka upande mmoja wa uso, kwani upande wa pili haukuwa tena na habari ya kilio.

Edith alimwangalia bila chuki na bila huruma. "Sitakufukuza," alimwambia. "Kaa hapa, umulilie. Huyu maiti ni wako pia."

Wakamweka chini kati ya wanawake, naye akabaki hapo hadi matanga yalipoondolewa. Daktari aliwaandikia tena wenzake, akakanusha alichokuwa amewaambia, akaanza utafiti wake upya. Foleni ya wanaume ilikuwa fupi safari hii, lakini kila mmoja alileta mkono wake mwenyewe. Nyumba ya matofali ilipata mashinisti mwingine. Virginie alihamia pembezoni mwa mji, akalima mihogo, na kumlisha mumewe kwa kijiko kwa miaka iliyobaki. Wapita njia walipouliza mtu yule mkubwa amepatwa na nini, jibu la majirani lilikuwa moja tu: mficha maradhi, kilio humfichua, hata kama kilio chenyewe ni cha nyumba ya mwenzake.