Mtoto Aliyefupishwa Getini

Yuko bibi mmoja wa Korogwe ambaye kwa miaka miwili mizima alikuwa na neno moja tu mdomoni: bembea. Ukimsalimia asubuhi, bembea. Ukija kuazima kinu, unaondoka na kinu na habari za bembea. Alikuwa na mjukuu wa kike aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, sasa ana miaka minane, na mwezi wa kwanza mama yake angekuja kumchukua wakaishi Mwanza. Likizo iliyobaki ni moja. Bibi akasema mtoto haondoki mkononi mwake kabla hajapanda bembea kubwa, ile ya kuzunguka hewani iliyoko Dar es Salaam, kwenye bustani ya michezo wanayoionyesha kwenye televisheni siku za sikukuu.

Kwa nini bembea, wapendwa, na si gauni au ng'ombe? Kwa sababu yeye mwenyewe aliipanda.

Haikuwa ya umeme. Baba yake alikuwa mkata mkonge, na kila Krismasi seremala wa kambini alisimamisha bembea ya mbao kwenye uwanja wa kulipia mishahara. Masanduku manne yaliyopakwa rangi ya bluu, gurudumu la magogo, kamba za katani, na wanaume wawili wenye vifua kama milango wakilizungusha kwa mikono. Mbao zililia, ekseli ikanuka mafuta machafu ya trekta. Baba alimlipia zamu moja, akamshikia viatu, akamwambia, "Usifumbe macho. Ukifumba umepanda bure."

Hakufumba. Alipofika juu aliona mistari ya mkonge ikikimbia mpaka milimani. Aliona singa nyeupe za mkonge zimeanikwa kwenye nyaya kama ndevu. Aliona kambi yao yote, nyumba kwa nyumba, ikitosha kwenye kiganja. Na baba yake, ambaye wanyapara walimtukana siku sita kwa wiki, alikuwa amesimama pale chini anacheka, kofia mkononi, hakuna wa kumtuma. Zamu ile haikufika dakika tano. Bibi ameishi nayo miaka sitini.

Leo shamba lile ni vichaka. Seremala amekufa, magogo ya bembea watu waliyapikia. Na mtu asiniambie kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Zamani kulikuwa na surua, na viroboto, na viboko. Lakini dakika tano zile zilikuwa nzuri, na aliyewahi kupata kitu kizuri kimoja hutafuta wa kumwachia.

Basi bibi akaipanga safari kama mtu anayepanga vita. Alimuuliza konda wa basi, alimuuliza mwalimu wa chekechea, alimuuliza kila aliyewahi kufika. Akaambiwa Jumapili na sikukuu ni bei kamili, Jumanne ni nusu bei, akachagua Jumanne. Malazi je? Kwa binti wa marehemu dada yake, Mbagala. "Hoteli ni za watu waliogombana na ndugu zao," alisema, akamtengea jogoo wa kwenda naye, maana mgeni anayefika na jogoo haulizwi anaondoka lini. Akasikia chakula cha nje hakiingizwi ndani. Akaamua chapati na mayai ya kuchemsha vitaliwa nje ya geti, mtoto aingie ameshiba, asiende kukodolea macho chipsi za watu. Hela ya tiketi akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili: fundo la mtu mzima na fundo la mtoto.

Mpaka hapo kuna kosa? Hakuna. Kubana si dhambi. Ingekuwa dhambi, humu ndani asingebaki mtu.

Tatizo lilikuja na jirani, mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye Krismasi iliyopita alikwenda huko na mwanawe mdogo.

"Dada, mtoto unamlipia wa nini?"

"Nisimlipie, aruke ukuta?"

"Wana mstari mwekundu pale getini. Aliye chini ya mstari anaingia bure. Wangu aliingia bure."

"Mstari uko wapi?"

Jirani akaweka kiganja mbavuni kwake. "Hapa."

Bibi akamtazama mjukuu wake anayefagia uwanja. Akafumba jicho moja. Mtoto alizidi kwa vidole vinne.

Vidole vinne tu, wapendwa. Mtu hawezi kuona ni kitu.

"Mke mwenzangu," bibi akamwita, maana ndivyo walivyotaniana tangu babu yu hai. "Njoo mlangoni nikupime."

Akachora mstari wa mkaa kwenye fremu ya mlango, akamsimamisha mtoto hapo.

"Kunja magoti."

"Nikae?"

"Usikae. Kunja kidogo, kama mtu aliyetaka kukaa halafu akaghairi."

Mtoto akakunja, makalio yakatokeza nyuma, bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Wakafanya tena. Wakafanya kila jioni, kabla ya kukoka moto. Bibi akatoa lile gauni la Krismasi, lililonunuliwa kubwa ili mtoto akulie humo, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ndani ya gauni lile mtoto angeweza kukunja magoti, akayakunjua, akafuga na sungura, asione mtu.

Siku moja mtoto akauliza, "Bibi, huu si uongo?"

"Uongo ni wa mdomo. Wewe utasema nini? Hutasema kitu."

Mmeisikia dini hiyo? Na bibi yule alikuwa mwanakwaya.

Siku ikafika. Walipanda basi alfajiri, wakalala Mbagala, jogoo akapokewa vizuri kuliko wao. Jumanne asubuhi wakanawa kwa maji ya chupa, wakala chapati zao wamesimama nje ya geti. Juu ya ukuta lile gurudumu lilionekana, kubwa kama mlima, viti vyake vya rangi rangi vinapanda polepole. Mtoto akaacha kutafuna.

"Kule juu utaona bahari," bibi akamwambia. "Mimi niliona mkonge. Wewe utaona bahari."

Getini alikaa binti mmoja mwenye ubao wa kupimia. Mtoto akasimama kwenye ubao, akaghairi kukaa kama alivyofundishwa. Kichwa kikaingia chini ya mstari vizuri kabisa.

"Simama vizuri, mdogo wangu," yule binti akasema.

"Ndivyo anavyosimama," bibi akadakia. "Kwa babu yake wote wafupi."

Babu yake! Marehemu ambaye jeneza lake lilirudishwa kwa fundi likaongezwe urefu. Lakini binti yule hakumjua marehemu. Akamfunga mtoto utepe wa njano mkononi, bibi akafungwa wa bluu, wakaingia. Fundo la pili likabaki zima kwenye pindo la kanga. Bibi alilibonyeza kwa kidole, akajiona ana akili.

Hawakusimama kwenye kitu kingine. Walikwenda moja kwa moja kwenye bembea kubwa, wakapanga foleni, jua likawapiga, hawakujali. Mbele yao watu walikuwa wanapanda, wanafungwa mikanda, wanainuliwa. Zamu yao ikafika. Kijana wa kufungia mikanda akatazama mikono yao.

"Bibi, wewe panda. Huyu hapandi."

"Kwa nini asipande? Ana miaka minane."

"Utepe wa njano ni wa walio chini ya mstari. Mkanda hauwashiki, wanachomoka. Wa njano ni kule kwenye bata."

Jirani hakulisema hilo. Mwanawe alikuwa wa kwenye bata.

"Mtazame basi kwa macho yako," bibi akasema. "Mke mwenzangu, simama wima."

Mtoto akasimama wima. Akatokeza vidole vinne juu, na kimoja cha nyongeza alichoota kwenye likizo.

Kijana akacheka, wala hakucheka vibaya. "Ni mrefu kweli. Basi rudini getini, bibi. Sema tu palitokea makosa, umlipie, wambadilishie utepe. Dakika mbili. Mimi nitawashikia nafasi."

Nitawashikia nafasi! Nani humu ndani ameshawahi kusamehewa kirahisi hivyo? Hela ilikuwepo. Hakuambiwa alale polisi. Aliambiwa arudi mlango ule ule, aseme neno moja. Lakini nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, kina mama wa mjini wenye miwani ya jua, na mmoja alikuwa ameshaanza kutabasamu. Bibi akahisi masikio yanawaka.

"Makosa gani?" akasema. "Mmetupima wenyewe, mmetufunga utepe wenyewe."

Kijana akakuna kichwa. Akainama kwa mtoto. "Haya, mdogo wangu, niambie wewe. Uko juu ya mstari au chini?"

Mtoto akainua uso akaitazama bembea. Akamgeukia bibi yake.

"Bibi, hapa niwe mrefu au niwe mfupi?"

Hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama mtoto anayeuliza ugenini, wali unaliwa kwa mkono au kwa kijiko.

Foleni nzima ilisikia. Bibi akatazama pembeni, kwenye maua.

"Mfupi," akasema.

Na mtoto akakunja magoti.

Akapelekwa kwenye bata. Ni bata wa plastiki, wanazunguka birika la maji huku wimbo wa kitoto unalia, na ndani yao wamekaa watoto wanaonyonyeshwa bado. Yeye alikaa katikati yao, magoti yamefika kidevuni. Bibi alisimama kwenye uzio, amemshikia viatu. Kiti chao kwenye bembea kikaenda juu na watu wengine.

Mchana walipotoka, bibi akaona mtoto anatembea vibaya, anachechemea ndani ya gauni.

"Umeumia?"

"Hapana. Nimekunja."

"Bado? Tumeshatoka. Nani alikwambia uendelee kukunja?"

"Hukuniambia niache."

Mwezi wa kwanza mama yake alikuja akamchukua.

Sasa tusimcheke huyu bibi. Mnaocheka mmetulia sana, kama watu wanaosikia habari za Korogwe. Hizi ni habari za benchi mliyokalia.

Akitafutwa mtu wa kulala na mgonjwa hospitali, sisi hatukunji? Ghafla kila mmoja ana mgongo, ana presha, ana mgeni nyumbani. Ikiitishwa siku ya kufyatua matofali ya nyumba ya mjane, si tunakuwa wafupi mpaka hatuonekani? Mwenye gari, gari lake linaumwa. Mwenye nguvu ni mzee. Mwenye sauti ya kuimba ana mafua tangu Pasaka. Hatusemi uongo, maana uongo ni wa mdomo. Tunakunja tu. Gauni linafunika.

Halafu jioni hiyo hiyo tunapiga goti na kuomba mambo makubwa. Bwana, nipe neema ya kunifikisha juu. Bwana, nitumie na mimi. Bwana, mbona maisha yangu yanazunguka hapa hapa chini, kwenye maji ya kufika kifundoni, na watoto wachanga? Tunanung'unika kwamba Mungu anawapenda wengine. Mungu hakutunyima bembea. Alitufunga utepe tuliouomba wenyewe.

Na hayo yangekuwa yetu peke yetu, ningenyamaza. Lakini wapo wanaotutazama. Tumewafundisha wenyewe, mlangoni pa nyumba zetu, kwa kucheka na kushika ukuta. Wengine wao wamehamia Mwanza na wengine Ulaya, watu wazima wenye ndevu na vyeo, na bado wamekunja, kwa sababu hatukuwaambia waache.

Mungu alitupa magoti tuyapige mbele zake. Hakutupa ya kukunjia getini.

Kurudi ni dakika mbili. Ni kusema neno moja mbele ya watu wenye miwani, na masikio yatawaka, na hakuna aliyekufa kwa masikio kuwaka. Nafasi imeshikiliwa, kijana ametuita si mara moja. Kama kuna mtoto wako unayejua ulimfupisha, leo ukitoka hapa mpigie simu, umwambie.

Tunasimama sasa kwa sala. Na tusimame wote, hata wenye mgongo. Nyoosheni.