Kindi Aliyeota Fursadi

Hapo zamani za kale, milima ilipokuwa bado inasinzia, aliishi Dubu katika bonde lenye ukungu. Nasema dubu hasa, wanangu, yule wa manyoya ya kahawia na nundu mabegani, si nyegere.

Dubu alizijua fursadi za mwituni, vile vitunda vidogo vya vichakani. Mwanzoni huiva bondeni, penye joto. Kisha mteremkoni, pale moto ulipounguza miti na jua likapata njia. Mwisho kabisa, kileleni. Dubu alihama nazo, na kila alipofika aliunguruma, "Ngrrr! Hapa kwangu!"

Jirani yake Kindi alikuwa na mke, watoto, na ghala tupu. Theluji ikianguka, wangekufa njaa.

"Shikamoo, Mzee Dubu. Tuachie hata kichaka kimoja."

"Marahaba. Kichaka? Mkia wako wenyewe ni kichaka. Kautafune!"

Kindi akarudi nyumbani. "Mama watoto, nakwenda kulala."

"Kulala! Na njaa hii?"

Basi, dubu hulala majira yote ya baridi, na kwa desturi yao, aliyelala hasemi uongo. Kindi aliijua desturi hiyo. Adhuhuri, nyuki wakivuma polepole, alijinyoosha kando ya njia ya Dubu, akakoroma, khorr, khorr.

"Kileleni..." akanong'ona. "Zimeiva zote... nyeusi, tamu... Dubu asijue..."

Dubu akasimama, akainama. "Kindi, umelala?"

"Fofofo, mzee."

"Ahaa! Kweli amelala."

Akapanda mlima, puu, puu, ukungu ukajifunga nyuma yake. Huko juu fursadi zilikuwa bado kijani, chachu kama ndimu.

"Ptu! Lakini aliyelala hasemi uongo," akajiambia. "Labda mimi ndiye niliyeitangulia ndoto."

Akaketi katikati ya mawingu, akangoja. Mawingu yalipita taratibu, na macho yake yakawa mazito.

Bondeni na mteremkoni, Kindi na jamaa yake walichuma na kuanika, walichuma na kuanika, mpaka ghala likafurika na watoto wakawa na midomo ya zambarau.

"Baba, Dubu akirudi je?"

"Harudi, mwanangu. Ananiamini mno."

Theluji ya kwanza ilipoanguka, kimya kama pamba, Kindi alikuwa amekwisha kufunga mlango.

Wanangu, anayetaka vyote huamini upesi uongo unaomwahidi zaidi.