Bwawa Lisilo na Jina

Jongeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi. Hadithi hii nataka mnijibu mwishoni, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Hapo kale, katika milima ya Upare, alikuwapo mtawala aliyeitwa Mrindoko. Watu wake walimwita mfumwa, maana ndilo jina la mkuu huko. Alijaliwa sauti: akiita kutoka kilima hiki, wa kilima cha pili anaitika. Taabu ni kwamba akipandwa na hasira hakusikia kitu kingine ila sauti hiyo hiyo yake. Na desturi ya pale ilikuwa kali: mfumwa akitoa amri akiwa amesimama, kisha akapiga fimbo chini, amri hiyo hairudi. Mara ngapi Mrindoko alipiga fimbo asubuhi, akajuta mchana! Majuto hayakumsaidia.

Karibu naye waliishi watu watatu wenye vipaji. Mkewe, Nakiete, aliweza kumketisha mtu yeyote, hata mkwe aliyenuna. Senkondo, mhunzi, alijua kuutawala moto kwa mvukuto wake, ukawaka anavyotaka yeye. Na Mbonea, mrina asali, alikuwa na masikio ya ajabu: akitega sikio kwenye mzinga, anakwambia kama asali ipo au nyuki bado wanahangaika.

Watu wa kilima hicho walikuwa na bwawa. Jioni waliliziba ili maji ya mfereji yajae, asubuhi wakalizibua, leo mashamba ya juu, kesho ya bondeni. Sasa asubuhi moja, zamu ya watu wa juu, walikuta bwawa tupu. Limebaki tope.

"Wameiba watu wa bondeni!" walipiga kelele.

Mrindoko alifika na fimbo yake, mishipa ya shingo imemsimama. Namkunda, dada yake aliyeolewa bondeni, alikuja akihema.

"Kaka, hatujagusa maji yenu! Maharage yetu yapo kwenye maua. Ukitufungia maji sasa, wanangu watakula nini?"

Mrindoko aliona midomo ya dada yake ikicheza, lakini kichwani mwake mlikuwa na mvumo tu. Alipanda ukingo wa bwawa, akajiweka sawa, akainua fimbo.

Hapo Nakiete akajipenyeza katikati ya watu, mikononi kibuyu cha uji unaofuka moshi.

"Baba Mshitu, umetoka bila kunywa kitu. Pokea."

"Mama Mshitu, huoni nina kazi?"

"Naona. Pokea, unaniunguza."

Sasa fikirini. Uji wa mke kuukataa mbele ya watu ni kumtukana. Kibuyu cha moto hakishikwi kwa mkono mmoja. Na mtu mzima hanywi uji akiwa amesimama kama mbuzi kisimani. Mrindoko alitazama fimbo, akatazama kibuyu, akaguna. Akaweka fimbo chini taratibu, akaketi ukingoni.

Ameketi, lakini ndani anachemka kuliko uji wenyewe. Alikunywa kwa pupa, uji ukammwagikia magotini, na ilikuwa wazi kwamba akimaliza tu atasimama tena. Senkondo akachuchumaa mbele yake.

"Mfumwa, moto wako umezidi, unaunguza chuma."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini unavuta pumzi kama mvukuto uliotoboka. Nitazame mimi. Vuta polepole, mpaka tumboni. Ishikilie kidogo. Sasa iachie, polepole kuliko ulivyoivuta."

Mrindoko alifanya hivyo kwa ubishi, ili amwonyeshe kwamba ni upuuzi. Akavuta, akaachia. Akarudia. Mabega yalishuka yenyewe, meno yakaachana, na ule mvumo kichwani ukaanza kufifia. Alishangaa. Hakujua kwamba siku zote alitembea amekunja ngumi.

Ametulia, lakini bado hajui aamue nini, na watu wameanza tena kunong'ona kuhusu wezi. Mbonea akainua mkono wakanyamaza. Akaja akaketi bega kwa bega na mkuu wake.

"Mfumwa, usiwaze lolote. Fumba macho, uniambie unachosikia."

"Nasikia jogoo."

"Mwache jogoo. Endelea."

"Mtu anatwanga. Mtoto analia ng'ambo. Dada yangu analia pia, hapa nyuma." Akainamisha kichwa kwa uchungu, maana ndiyo kwanza anamsikia. "Nyuki. Maji."

"Maji yako wapi?"

"Chini yangu," alisema Mrindoko, akafumbua macho. "Chini ya ukingo!"

Wakafyeka matete, wakachimba. Kumbe kaa wa mtoni walikuwa wametoboa mashimo chini ya ukingo, na maji yakapita humo usiku kucha mpaka korongoni. Wezi wenyewe walitoka ubavu ubavu, magando juu, kana kwamba wao ndio wameonewa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Mrindoko akamshika dada yake mkono mbele ya wote.

Ukingo ukajengwa upya na watu wa juu na wa bondeni pamoja. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kusikiliza kesi, Mrindoko huketi, huvuta pumzi kama mhunzi alivyomwonyesha, husikiliza, kisha ndipo huchukua fimbo. Watu wanasema hata jogoo wake amenenepa kwa amani.

Lakini kuna jambo limebaki. Kwa desturi ya pale, bwawa likijengwa upya halizibuliwi mpaka mfumwa alipatie jina la aliyeliokoa. Jina ni moja tu, na fimbo ikigonga halirudi.

"Bila mimi kumketisha, fimbo ingekuwa imeshagonga," alisema Nakiete.

"Aliketi akichemka," alisema Senkondo. "Bila pumzi angesimama tena."

"Angetulia na bado asijue ukweli," alisema Mbonea. "Ni kusikiliza kulikookoa bwawa."

Bwawa sasa limejaa mpaka juu. Mrindoko amesimama ukingoni, fimbo mkononi. Anawapenda wote watatu, na kila akimtazama mmoja anaona amesema kweli. Bondeni maharage yana kiu.

"Kaka, taja jina!" Namkunda anaita.

Mrindoko anaweka fimbo chini, anaketi, anavuta pumzi, anafumba macho. Anawasikiliza ninyi. Basi msimcheleweshe: bwawa hili liitwe kwa jina la nani?